Dungu, darasa la bonde la Rufiji

Katika bonde la Rufiji, kusini mwa Dar es Salaam, mtoto alianza kukijua kilimo akiwa juu ya nguzo. Dungu, kibanda kilichoinuliwa katikati ya shamba la mpunga, lilikuwa makao ya familia msimu mzima wa kulinda mazao. Usiku wakubwa walikesha wakifukuza nguruwe na viboko. Kukipambazuka, zamu ilikuwa ya watoto: kuamia ndege.

Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyosikika. Kwelea mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege 1,000,000 huweza kumaliza tani 10. Hushuka zaidi asubuhi na jioni, na hupenda punje ambazo bado zina maziwa. Mtoto mwenye kombeo na madonge ya udongo ilimbidi ajue mpunga unachanua lini, unatia maziwa lini, na unakomaa lini, maana siku zake za hatari zilitegemea hayo. Chini ya dungu, penye kinu na ungo, alitenganisha mpunga na mchele, chuya na pumba, na kila jina likaingia kichwani kupitia vidole. Mafuriko yakipungua ulifuata mlau: mahindi na kunde zilipandwa katika tope lililoachwa na mto, zikaota kwa unyevu uliosalia. Hapo mtoto aliona kwamba maji yaleyale yaliyotisha mwezi wa Aprili ndiyo yaliyorutubisha udongo.

Machi 1967 Mwalimu Nyerere, rais wa Tanzania, alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Yeye mwenyewe alichunga mbuzi Butiama na kuanza shule akiwa na miaka 12. Aliandika kwamba kabla ya ukoloni watoto walijifunza kwa kuishi na kutenda, akasikitika kuona shule ikimtenga kijana na kazi ya wazazi wake. Alitaka kila shule iwe na shamba lake.

Alikuwa sahihi kabisa. Lakini Rufiji mambo yalipishana vibaya. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamisha watu wa bondeni kwenda kwenye vijiji vilivyopangwa, mahali pa juu. Huduma zilisogea, shule ikiwamo. Mashamba yenye rutuba yakabaki mbali, bondeni. Na shamba la shule lenyewe, hapo na kwingineko nchini, mara nyingi liligeuka kuwa adhabu: mwanafunzi aliyechelewa alipewa jembe. Kule dunguni aliyechelewa kuamka hakuhitaji kuadhibiwa na mtu, kwa kuwa aliwakuta ndege wameshatua, na hasara ilikuwa ya kwao nyumbani.

Msimu ulipofika, wazazi wengi walirudi madunguni. Waliofuatana nao mara nyingi ni wadogo wasiofikia umri wa shule; kaka na dada zao walibaki kijijini na bibi, kesho yake wakapalilie shamba la shule.