Jinsi Nyasi Zinavyopata Chuma Katika Udongo

Mtu apitaye njia za Mabawe wakati wa kiangazi hurudi nyumbani miguu yake ikiwa myekundu. Nguo za watoto wa shule huwa nyekundu, na vumbi lilalalo juu ya majani ya migomba kando ya njia ni jekundu vile vile. Wekundu huo ni nini? Ni kutu, ile ile ilayo jembe lililosahauliwa shambani wakati wa masika. Katika nchi yetu ya vilima, mvua za maelfu ya miaka zimeuosha udongo na kuchukua vitu vingi viyeyukavyo upesi, lakini chuma zimekiacha, kwa kuwa chuma kilichoshika kutu hakiyeyuki kwa urahisi.

Hapo pana jambo la kushangaza. Mmea waweza kusimama katika udongo wenye chuma tele, nao ukadhoofika kwa kukosa chuma, kama mtu aketiye juu ya sanduku la fedha asiwe na ufunguo. Twapenda leo kueleza jinsi watu walivyopata kuijua siri hiyo, maana historia yake ni ndefu, na sehemu yake moja ni ya kwetu.

Wazee wetu wa pande hizi za magharibi ya Ziwa Viktoria walijua tangu kale kutoa chuma katika mawe. Wahaya walikuwa na matanuru yao, na huko Biharamulo na Geita walikuwako Warongo, chama cha wahunzi waliofanya kazi hiyo kwa miiko na heshima nyingi. Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mambo ya kale, Peter Schmidt, aliwaomba wazee wa Kihaya wajenge tanuru kama walivyofanya ujanani mwao. Wazee walichimba shimo, wakalijaza nyasi za bwawani zilizochomwa zikawa nyeusi, kisha wakajenga tanuru juu yake na kuvukuta. Mavi ya chuma yaliyoyeyuka yakashuka juu ya zile nyasi, na makaa ya nyasi yakasaidia kukitoa chuma. Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika habari hizo mwaka 1978, wakaonyesha kuwa kazi ya namna hiyo ilifanyika Buhaya kadiri ya miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita.

Basi wazee walitumia nyasi na moto mkali kukitoa chuma katika jiwe. Lakini nyasi yenyewe, ikiwa hai, hufanya kazi ya kukitoa chuma kila siku bila moto wala mivukuto. Hufanyaje?

Wa kwanza kuigusa habari hiyo kwa majaribio alikuwa Mfaransa, Eusèbe Gris. Kadiri ya mwaka 1843 aliona mimea ambayo majani yake yalikuwa ya manjano, akaitia dawa ya chumvi ya chuma iliyoyeyushwa majini, nayo ikarudia rangi ya kijani. Baadaye, kadiri ya mwaka 1860, Mjerumani Julius Sachs aliotesha mimea katika maji matupu yaliyotiwa chumvi mbalimbali. Alipoacha chuma, majani mapya yalitoka yamepauka. Alipokitia, yakageuka kijani. Ndipo ikajulikana kwamba mmea hauwezi kuitengeneza rangi yake ya kijani pasipo chuma, na pasipo rangi hiyo hauwezi kujilisha kwa nuru ya jua.

Lakini kwa nini mmea ukose chuma, ikiwa ardhi inacho? Jawabu limo katika uchachu wa udongo. Wataalamu huupima kwa kipimo ambacho 7 ni katikati: chini yake udongo ni mchachu, juu yake ni wa namna ya chokaa au majivu. Kila udongo upandapo daraja moja katika kipimo hicho, uwezo wa kutu kuyeyuka yenyewe hupungua kadiri ya mara elfu. Kwa hiyo katika udongo wa chokaa chuma kimefungwa kama jiwe. Katika bwawa mambo ni kinyume. Maji huzuia hewa, na vijidudu vya udongoni huigeuza kutu kuwa chuma kiyeyukacho. Ndiyo maana kando ya chemchemi twaona matope mekundu na utando ung'aao kama mafuta juu ya maji. Mpunga ulimwao mahali pa namna hiyo waweza kupata chuma kupita kiasi, majani yake yakaota madoa ya kahawia. Nazo nyasi za bwawani hupeleka hewa mpaka mizizini, hata mizizi yake huvikwa koti la kutu.

Siri ya nyasi ilifunuliwa Japani. Mwaka 1976 Sei-ichi Takagi alieleza kuwa mizizi ya shayiri nyeupe na ya mpunga hutoa vitu vinavyokamata chuma. Mwaka 1978 Wajapani wengine walitangaza umbo la kitu cha namna hiyo kilichotoka katika mizizi ya shayiri, wakakiita kwa jina la Kijapani la nafaka hiyo, mugi. Mzizi wenye njaa ya chuma hukimwaga kitu hicho udongoni, na shayiri hufanya hivyo hasa katika saa chache za asubuhi baada ya jua kuchomoza. Kitu hicho huishika kutu, huitoa katika udongo, kisha mzizi hukipokea pamoja na mateka wake. Maharage na mimea mingine isiyo ya jamaa ya nyasi haijui njia hiyo. Yenyewe huutia udongo uchachu na kukigeuza chuma mlangoni pa mzizi. Mwaka 1986 Wajerumani Volker Römheld na Horst Marschner walizieleza vema njia hizo mbili.

Mahindi, mtama na mpunga ni wa jamaa ya nyasi, lakini si sawa kwa nguvu. Shayiri humwaga kwa wingi, mtama na mpunga kidogo. Tena huko kaskazini ya Uchina imeonekana kwamba karanga zilimwazo peke yake katika udongo wa chokaa hupauka, lakini zikichanganywa na mahindi hubaki kijani, kwa kuwa hufaidi chuma kilichofunguliwa na mizizi ya jirani. Mama zetu waliochanganya mbegu katika shamba moja hawakuwa wajinga.

Sisi wenyewe tulipata kukosea. Tuliwahi kumwaga majivu ya jikoni juu ya tuta moja la bustani ya shule wiki baada ya wiki, tukidhani kizuri hakizidi. Mahindi yakatoa majani machanga yenye mistari ya manjano, nasi tukawaambia watoto kuwa mbegu ni mbaya. Leo twaamini kuwa kosa lilikuwa letu. Majivu kidogo huufaa udongo mchachu. Yakizidi huvifunga chuma na vyakula vingine vya mmea.

Kwa hiyo yatupasa kutazama kabla ya kuhukumu. Manjano ikianza katika majani machanga, na mishipa ya jani ikabaki kijani, shuku chuma. Ikianza katika majani ya chini yaliyozeeka, ikishuka kutoka nchani katikati ya jani, mmea una njaa ya naitrojeni, nao wataka samadi. Hii ya pili ndiyo adui mkubwa katika udongo mwekundu uliooshwa na mvua. Tena kutu ile ile hushika fosforasi na kuinyima mizizi.

Bwana Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa Amani, aliandika mwaka 1938 juu ya udongo wa Bukoba, akaonyesha jinsi rutuba nyingi na rutuba haba zilivyokaa karibu karibu: kibanja cha migomba hapa, na nyika tupu, iitwayo rweya, pale. Kilichotenganisha viwili hivyo hasa ni mkono wa mtu: samadi iliyopelekwa, na nyasi zilizokatwa na kutandazwa chini ya migomba mwaka hata mwaka.

Basi mtu asiseme, "Udongo wetu ni mwekundu, hauna kitu." Unacho, ila umekifunga. Wazee walipata ufunguo wa jiwe. Nyasi zina ufunguo wa kutu. Nasi tumepewa macho ya kulitazama jani na mikono ya kubeba samadi.