Siku 54 za Kuiponya Tovuti

Wenye tovuti walipewa siku 54. Tarehe 26 Februari 2015 kampuni ya Google ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 21, mtu akitafuta kitu kwa simu, kurasa zinazosomeka vizuri kwenye simu zitapewa kipaumbele katika matokeo. Badiliko hilo lingegusa lugha zote, duniani kote. Mfanyakazi wa Google, Zineb Ait Bahajji, aliongeza hofu aliposema kwenye mkutano wa Munich kwamba athari yake ingezidi ile ya Panda na Penguin, mabadiliko mawili ya miaka ya 2011 na 2012 yaliyokuwa yamezishusha tovuti nyingi.

Kampuni kubwa ziliweza kuitisha kikao na kutenga fedha. Fundi bomba, mwenye duka la maua au mwenye nyumba ya wageni alikuwa na shida ya aina nyingine. Tovuti yake mara nyingi ilijengwa miaka mingi nyuma na mtu ambaye hapatikani tena, nywila zimepotea, na yeye mwenyewe hajui mlango wa kuingilia. Tangazo kama hilo lilimkuta anahudumia wateja.

Chanzo cha tatizo kilikuwa cha zamani kidogo. Apple ilipoleta iPhone mwaka 2007, karibu kurasa zote zilikuwa zimechorwa kwa ajili ya kioo cha kompyuta. Ili zisivurugike, kivinjari cha Safari kilijifanya kina upana wa pikseli 980, kisha kikaubana ukurasa mzima ndani ya pikseli 320 za simu. Ukipiga hesabu, herufi ya pikseli 12 ilibaki kama ya 4. Msomaji alitanua kwa vidole viwili, akaburuza kushoto na kulia kutafuta bei ya chumba, akabonyeza kiungo kimoja kikafunguka cha jirani yake. Palipokuwa na menyu ya Flash hakuona chochote, maana iPhone haikuwahi kuikubali teknolojia hiyo. Na kama namba ya simu ya hoteli ilikuwa sehemu ya picha, hakuweza kuigusa ili apige, alitafuta kalamu.

Dawa ya kwanza ilikuwa kujenga tovuti mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya simu, ambayo anwani yake mara nyingi ilianza na herufi m. Ni kazi mbili kwa duka moja, na bei ikibadilika huku, kule ilisahaulika. Mei 2010 mbunifu wa Kimarekani, Ethan Marcotte, aliandika makala katika jarida la A List Apart akipendekeza ukurasa mmoja unaojipanga upya wenyewe kulingana na upana wa kioo. Nguzo tatu zikishindwa kukaa sambamba, zinashuka na kupangana moja chini ya nyingine. Wazo hilo ndilo lililokuja kuwaokoa wenye biashara ndogo, kwa kuwa watengenezaji wa violezo vya tovuti walilichukua, na mwenye duka akapata ukurasa unaofaa simu kwa kubadilisha kiolezo tu.

Google nayo haikuanza ghafla. Juni 2013 ilionya juu ya tovuti zinazowasumbua watumiaji wa simu kwa makosa ya mipangilio. Novemba 2014 ikaanza kuweka lebo kwenye matokeo kuonyesha ukurasa upi unafaa simu, ikatoa na kipimo cha bure. Masharti yalikuwa mepesi kueleweka: maandishi yasomeke bila kutanuliwa, ukurasa usizidi kioo, viungo visibanane, na pasiwe na Flash.

Aprili 21 ilipofika, magazeti yalikuwa yameshaipa jina la kutisha, Mobilegeddon. Tovuti ya TechCrunch iliripoti kwamba asilimia 44 ya kampuni kubwa za Marekani zilizo katika orodha ya Fortune 500 zilishindwa kipimo hicho, jambo linaloonyesha kuwa uzembe haukuwa wa wadogo peke yao. Hata hivyo anguko lililotabiriwa halikutokea siku ile. Badiliko lilihusu utafutaji wa simu tu, lilipima ukurasa mmoja mmoja badala ya tovuti nzima, na ukurasa wenye jibu bora bado uliweza kubaki juu. Google ilisema kwamba katika miezi miwili ya maandalizi, sehemu ya tovuti zinazofaa simu ilikuwa imepanda kwa pointi 4.7 za asilimia. Vitisho vilifanya kazi.

Badiliko zito zaidi lilikuja baadaye, tena kwa kelele kidogo. Hadi wakati huo roboti ya Google, yaani programu inayopitia kurasa za tovuti, ilisoma toleo la kompyuta, kisha ikalitumia kupanga hata matokeo ya simu. Novemba 4, 2016 kampuni ilitangaza kugeuza utaratibu: toleo la simu ndilo litakalosomwa kwanza. Hapo waliweza kuumia hasa wale waliojitahidi mapema. Mwenye biashara aliyekuwa ametengeneza tovuti ndogo ya simu yenye anwani na namba tu, huku maelezo ya huduma zake yakiwa kwenye toleo la kompyuta, alikuwa hatarini kupoteza maelezo yale yote machoni pa roboti. Uhamisho ulianza Machi 2018, ukawa kawaida kwa tovuti mpya Julai 1, 2019, na Google ikatangaza kuukamilisha Oktoba 31, 2023.

Afrika Mashariki iliifikia historia hii kwa njia yake. Mkongo wa SEACOM ulifika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, na watu wengi waliingia kwenye intaneti kupitia simu bila kuwahi kumiliki kompyuta. Kivinjari cha Opera Mini, kilichobana kurasa kwenye seva kabla ya kuzituma, kilipendwa kwa sababu kiliokoa bando. Kwa mwenye duka wa Kariakoo au Nairobi, basi, mteja hakuhamia kwenye simu, alianzia huko. Kwake swali kubwa zaidi ni uzito wa ukurasa. Picha ya megabaiti tatu inakula bando la mteja na kumchelewesha, na tangu Julai 2018 kasi ya ukurasa kwenye simu inahesabiwa katika kupanga matokeo.

Desemba 2023 Google iliondoa kile kipimo cha bure na kuwaelekeza watu kwenye kipimo chake kingine, Lighthouse. Kile cha zamani kilijibu ndiyo au hapana, na mwenye saluni aliweza kukisoma mwenyewe. Hiki kingine kinatoa alama na orodha ndefu ya maelezo ya kiufundi, ambayo wengi watahitaji fundi wa kuwatafsiria.