Cheche ya Injini na Saa Yake

Katika gereji za Uvira makanika wa motokaa za zamani wanajua vizuri neno delko. Ni kile chombo cha duara kinachogawa cheche za moto kwa buji zote. Lakini je, neno hilo limetoka wapi? Na kwa nini mtu akikigeuza chombo hicho kidogo bila akili, injini nzima hufa?

Tuanze na ziwa letu la Tanganyika. Vita ya 1914 ilipoanza, Wajerumani walikuwa na nguvu ziwani kwa sababu ya meli zao za mvuke. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, toka Cape Town. Zilisafiri kwa reli, zikakokotwa porini na milimani, zikashuka mto Lualaba, zikapanda reli tena mpaka Lukuga, yaani Kalemie ya leo. Kila mashua ilikuwa na injini mbili za esansi, zenye nguvu ya farasi 100 kila moja. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli Kingani, ikapewa jina jipya la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Fifi na Mimi wakaizamisha Hedwig von Wissmann.

Meli ya mvuke moto wake huwaka tanurini, nje ya silinda, nayo hungoja maji yachemke. Injini ya esansi moto wake huwaka ndani ya silinda yenyewe, kwa hiyo huondoka upesi. Lakini ina sharti moja: cheche ije kwa saa yake.

Saa hiyo ni ipi? Pistoni hupanda na kukandamiza hewa yenye esansi. Moto huhitaji nafasi kidogo ya kuenea. Basi cheche hutolewa kabla kidogo pistoni haijafika juu kabisa, ili nguvu yote iisukume inapoanza kushuka. Injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika huzunguka mara 50 kwa sekunde moja. Kadiri inavyokwenda mbio, ndivyo cheche inavyopaswa kuwahi zaidi.

Zamani dereva mwenyewe alishika kazi hiyo. Motokaa ya Ford Model T, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1908, ilikuwa na vijiti viwili chini ya usukani: wa kulia wa kuongeza mwendo, wa kushoto wa kuwahisha au kuchelewesha cheche. Kabla ya kuizungusha injini kwa chuma cha mkono, dereva alipaswa kuchelewesha cheche. Aliyesahau, moto uliwaka mapema mno, injini ikarudi nyuma kwa ghafula, na kile chuma kikamvunja mkono. Wengi waliumia hivyo.

Charles Kettering, fundi wa Dayton huko Marekani, alianzisha mwaka 1909 pamoja na Edward Deeds kampuni iliyoitwa Delco. Kampuni hiyo ilitengeneza vyombo vya umeme vya kuwashia, na motokaa ya Cadillac ya mwaka 1912 ikawashwa kwa umeme, bila chuma cha mkono. Ndipo jina la kampuni likawa jina la chombo. Baadaye delko ziliwekewa vizito vidogo vinavyofunguka kwa mwendo na kuwahisha cheche vyenyewe. Hatari ya mkono ikapungua. Hatari ya injini ikabaki.

Kwetu hatari hiyo inaonekana wazi. Uvira iko karibu meta 770 juu ya bahari, na Bukavu karibu meta 1,500. Hewa ya Bukavu ni nyepesi, nayo huvumilia cheche inayowahi. Motokaa iliyopangwa huko, ikishuka Ngomo na kufika joto la Ruzizi, huweza kuanza kugonga kama nyundo juu ya chuma. Esansi iliyochanganywa na mafuta ya taa huzidisha ubaya huo. Dereva akiendelea tu, pistoni hutoboka. Cheche ikichelewa, injini hukosa nguvu, hula esansi, maji huchemka. Na injini ikizimika katikati ya mlima, walio hatarini ni mama na watoto waliokaa juu ya mizigo.

Basi makanika afuate alama zilizochorwa kwenye gurudumu la injini, na hesabu ya kitabu cha motokaa hiyo. Atumie taa ya kupimia, akaze skrubu ya delko akimaliza, kisha aijaribu motokaa tambarare kabla ya kupanda mlima. Nguo zinazoning'inia zisikaribie feni; waya za buji zisishikwe injini inapokwenda; na injini isiwashwe ndani ya nyumba iliyofungwa, maana moshi wake huua.

Malori ya mazuti hayana buji, na katika motokaa mpya kompyuta ndiyo inayopima saa ya cheche. Lakini zile za zamani bado hungoja mkono wa makanika. Wewe uliye dereva, ukisikia injini inagonga, usiongeze redio. Simama, uulize sababu. Anayepanda mlima na watu nyuma yake hana ruhusa ya kubahatisha.