Somo la Runinga Lianzie Turkana

Mwaka 1974 mhakiki Raymond Williams alitoa Uingereza kitabu kilichoichukulia runinga kama umbo la utamaduni, na tangu hapo vyuo vikuu vingi vimeisoma kwa uzito uliokuwa wa riwaya na tamthilia. Mwaka huohuo, na ule uliotangulia, watengenezaji filamu David na Judith MacDougall walikuwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, na kamera, katika boma la Lorang, mzee aliyewahi kutumikia jeshi la wakoloni kisha akarudia ufugaji. Filamu tatu walizotoa zilitegemea mazungumzo ya wenyeji kwa Kiturkana, tafsiri ikipita kwa maandishi chini ya picha, badala ya msimulizi mgeni kuwasemea. Katika ile ya ngamia wa mahari, tunawasikia wakivutana juu ya idadi ya mifugo, kila upande na hoja zake. Kwangu, kuwaachia wenyeji wajisemee ni uamuzi mkubwa. Swali la nani anapewa nafasi ya kujieleza, ambalo ndilo kiini cha somo la runinga, lilikwisha kujaribiwa huku, na mwanafunzi wa chuo kikuu kishiriki cha Lodwar anastahili kulianzia hapa.

Atatokea wa kusema kwamba hizo ni filamu za wanaanthropolojia, si runinga. Lakini mwaka 1974 kampuni ya Granada ilionyesha kwenye runinga ya Uingereza filamu kuhusu wanawake wa Kimasai, baadaye ikawafikia Warendille ng'ambo ya Ziwa Turkana, na 1987 Chuo Kikuu cha Manchester kikafungua kituo cha anthropolojia ya picha chenye jina la kampuni hiyo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba nyumba nyingi za Turkana hazina runinga. Ni kweli, na ndiyo sababu nadharia iliyojengwa juu ya familia iliyoketi sebuleni haitoshi. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, tangu shirika la FilmAid lianze kazi huko mwaka 2001, umati umetazama filamu pamoja nje, watu wa lugha nyingi mbele ya skrini moja. Utazamaji huo unadai nadharia yake.

Longech nayo, kijiji cha wavuvi kwenye ulimi wa ardhi wa ziwa hilo unaokabili mji wa Kalokol, inadai kusomwa. Kiwanda cha samaki kilichojengwa Kalokol kwa fedha za Norway kimesimuliwa mno kama kisa cha wafugaji waliolazimishwa uvuvi. Gharama za kugandisha samaki na kukauka kwa Ghuba ya Ferguson hutajwa pia kama sababu za kiwanda kushindwa, ila ni nadra kusikia kwamba Waturkana wa ufukweni walivua kwa vikapu kabla ya mradi wowote. Picha za kisa hicho ziwekwe darasani kando ya zile za Lorang, na wavuvi wa Longech waitwe wazijibu.