Hati ya Uwakilishi na Nyumba za Kariakoo: Kanuni Tuliyoirithi Bila Kuihoji

Tukizungumzia mirathi, wengi wetu huanza na wosia. Napenda leo tuanze na karatasi nyingine, ile inayotiwa saini kila siku katika ofisi za mawakili pale Posta: hati ya uwakilishi. Kwa hati hiyo mtu humpa mwingine mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, iwe ni kukusanya kodi ya pango, kufuatilia hatimiliki au hata kuuza nyumba. Familia nyingi huishika kana kwamba ni mirathi iliyotangulia. Sivyo ilivyo, na historia inatueleza kwa nini.

Kanuni zinazoongoza uwakilishi huu ziliandikwa India mwaka 1872, katika Sheria ya Mikataba ya nchi hiyo. Zililenga hasa mahitaji ya biashara: tajiri wa Bombay alihitaji mtu wa kumnunulia na kumuuzia bidhaa asikoweza kufika mwenyewe. Mwakilishi alihesabiwa kuwa mkono wa aliyemtuma. Aliyemtuma akifa, au akipoteza akili timamu, mkono nao ulikoma kutenda. Waingereza walipoitwaa Tanganyika waliileta sheria hiyo huku. Mwaka 1961 tulipata Sheria yetu ya Mikataba, lakini kanuni hii ilibaki kama ilivyokuwa. Nayo haikuwa ngeni kwa wakazi wa Kariakoo, kwani hata katika fiqhi ya Kiislamu uwakala hukoma kwa kifo au wazimu.

Kilichobadilika ni mji. Katika Dar es Salaam iliyogawanywa kwa rangi, Kariakoo, iliyopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, ilikuwa upande wa Waafrika, ikitenganishwa na Uhindini na uwanja wa Mnazi Mmoja. Humo wenyeji walijenga nyumba za Kiswahili zenye vyumba pande mbili za korido na ua nyuma. Mwenye nyumba aliweza kuishi katika chumba kimoja na kupangisha vilivyobaki; nyumba ndiyo iliyokuwa pensheni yake. Leo juu ya viwanja hivyo yamesimama maghorofa, na fremu za maduka hugombaniwa kwa kilemba. Thamani imepaa, lakini kanuni ni ileile ya 1872.

Chukua mfano wa bibi wa miaka 80 aliyempa mmoja wa watoto wake hati ya kusimamia nyumba. Maadamu bibi ana akili timamu, mpango ni mzuri: anaweza kumuuliza mwanawe mapato yako wapi, na anaweza kumnyang'anya mamlaka. Kisha kumbukumbu zinampotea. Kisheria hati imekoma, wakati uleule ambao bibi anahitaji zaidi mtu wa kumsimamia. Familia inapaswa kwenda Mahakama Kuu, chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, kuomba ateuliwe msimamizi wa mali zake. Ni wachache wanaoijua njia hiyo. Mtoto huendelea kupokea kodi kwa karatasi isiyo na uhai.

Bibi akifariki, mamlaka yote huhamia kwa msimamizi wa mirathi anayeteuliwa au kuthibitishwa na mahakama. Huyo hutakiwa kuwasilisha orodha ya mali na hesabu za mgawanyo. Mwenye hati huwajibika kwa aliyempa peke yake. Aliyempa akishapoteza fahamu au kufa, hakuna wa kumuuliza. Kwa sababu hiyo naiona hati hii kuwa suala la kisiasa, la madaraka yasiyo na hesabu ndani ya familia. Wanaoumia mara nyingi ni mabinti walioolewa mbali na wajane wasioshirikishwa.

Waingereza wenyewe waliubaini upungufu huu. Kwa sheria ya mwaka 1985, na baadaye ile ya 2005, waliruhusu hati inayodumu hata mtoaji akipoteza akili, kwa sharti la usajili na uangalizi wa mahakama. Sisi Tanzania Bara bado tumekaa na kile walichotuachia. Naamini Bunge letu linapaswa kutunga sheria ya namna hiyo, lakini kudumu kwa hati bila uangalizi kutawapa wajanja silaha tu.

Kwa sasa, hati itaje mambo mahususi, na inapohusu ardhi iliyosajiliwa ipelekwe kwa Msajili wa Hati. Wosia uandikwe mapema. RITA hupokea na kuhifadhi wosia. Muislamu akumbuke kuwa wosia wake una mpaka wa theluthi moja, na kwamba warithi wa fungu hawausiwi ila wenzao waridhie.

Nanyi watumishi wa umma mnaokaa dirishani, kabla ya kupokea hati ya uwakilishi ulizeni maswali mawili: aliyeitoa yu hai? Ana akili timamu? Mauzo yanayofanywa na mwakilishi anayejua kuwa mtoaji ameshafariki hayana nguvu ya kisheria, hata kama muhuri wa wakili bado unasomeka vizuri.