Mshuko si Mfifio

Igogo, Mwanza, kwenye nyumba zilizokwea mawe, wazee wengi husema "nina sukari". Jina la ugonjwa, kisukari, kwa muuza matunda ni ndizi. Lakini kiambishi ki- kina ukoo wake: kifafa, kiharusi, kichocho, kipindupindu. Ki- ya maradhi haidogoshi kitu, basi kisukari na kibaki.

Sukari yenyewe ilitufikia kwa Kiarabu, na asili yake ni Kisanskriti, ambako neno hilo lilikuwa na maana ya changarawe. Watu wa Mwanza, mji wa mawe, mpo?

Insulini nayo ni neno la kisiwani. Kwa Kilatini "insula" ni kisiwa, maana seli zinazoitengeneza zimetawanyika ndani ya kongosho kama visiwa. Anayekiona kisiwa cha Saanane kila siku hahitaji maelezo zaidi.

Maneno ya sukari hayanisumbui; shida yangu iko kwenye majina ya akili ya mzee inayopungua. "Msahaulifu" ni tabia. Huitwa hivyo hata kijana asiyerudisha madeni. "Amerudi utotoni" ni dharau iliyovikwa huruma. "Kurukwa na akili" ndiyo kabisa: akili, kwa mzizi wake wa Kiarabu, inahusiana na kumfunga ngamia kamba asipotee, na mzee huyu kamba yake haijakatika, imelegea tu. Napendekeza *mfifio*, kutoka kufifia. Hauna tusi, na unasema kweli kwamba jambo lenyewe huja polepole.

Tukishaupata mfifio, tuutenge na *mshuko* wa sukari. Najua mshuko una kazi yake msikitini, baada ya sala. Utabeba na hii. Sukari ikishuka, mzee hutoka jasho, hutetemeka, huropoka, na nyumba nzima husema "uzee huo". Si uzee! Akiwa bado anaweza kumeza, mpeni soda yenye sukari. Mara nyingi fahamu humrudia upesi. Asipoweza kumeza, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali ya Bugando. Mfifio hauondoki kwa soda. Kuyaita yote mawili "kuchanganyikiwa" ni kumnyima mgonjwa dakika anazozihitaji. Tena yanaitana: aliyefifia huchoma sindano ya insulini akasahau kula, mshuko ukamkuta.

Limebaki neno dogo kuliko yote, ambalo hata si neno: -mesha-. "Mayu (mama), umeshachoma?" "Nimeshachoma." Kiambishi hiki hufunga jambo bila kutaja saa. Kwa mwenye kumbukumbu timamu hakina neno. Kwa aliyefifia, jibu linaweza kuwa la jana, na "bado" yake inaweza kuleta dozi ya pili. Muulizeni kwa -li-: "Ulichoma saa ngapi?" Swali hili hudai saa, na saa huandikika daftarini. Akisita, asichome tena kwa kubahatisha: fungueni daftari hilo, mpimeni sukari, na mkishindwa kujua, waulizeni wa kliniki kwanza.