Moshi wa Jikoni

Moshi wa jikoni ni mchanganyiko wa gesi na chembechembe zinazotokana na kuni, mkaa, mabua, samadi kavu au mafuta ya taa yasiyoungua barabara. Kuni zikiungua zote hutoa joto, mvuke na hewa ya ukaa. Lakini moto wa mafiga matatu haupati hewa ya kutosha, na kuni za masika huwa mbichi. Kisichoungua ndicho kinachopaa.

Ukiingia banda la jiko kijijini, tazama juu. Makenchi na bati vimeganda masizi meusi yanayong'aa, mengine yananing'inia kama nyuzi. Hayo ndiyo yaliyopita puani mwa mpishi kabla ya kufika darini. Chini yake mama ameinama akipuliza moto, machozi yakimtoka. Chungu cha maharage kina saa ya tatu jikoni, na mtoto yuko mgongoni akivuta hewa ile ile. Shirika la Afya Duniani linasema nyumba isiyopitisha hewa vizuri inaweza kuwa na chembechembe hizi mara 100 ya kiwango kinachokubalika.

Chembechembe zenye madhara makubwa hazifiki mikromita 2.5, yaani hata sehemu moja ya 20 ya unene wa unywele. Vumbi la kawaida hunaswa na ute wa pua na koo. Hizi hushuka hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Kwa hiyo moshi hauishii kwenye kikohozi. Huchangia kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu, kuziba kwa njia za hewa, na hata mtoto wa jicho. Kwa watoto wachanga, adui mkubwa ni kichomi. Shirika hilo lilikadiria vifo milioni 3.2 vilivyotokana na moshi huu duniani kwa mwaka 2020, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wasiofikisha miaka 5.

Mara nyingi husemwa kwamba wapishi wenyewe wanapenda kuni, eti gesi haina ladha. Utafiti mkubwa uliofanywa Rwanda, India, Guatemala na Peru, uliohusisha wajawazito wapatao 3,200, unapinga maneno hayo: waliopewa majiko na gesi bure, ikiletwa hadi nyumbani, karibu wote waliacha kuni. Moshi waliovuta ulipungua sana, ingawa uzito wa watoto waliozaliwa haukuongezeka kwa kiasi cha kutegemewa. Kikwazo, basi, ni fedha. Mkaa unanunuliwa kwa kopo au kisado kulingana na kilichomo mfukoni siku hiyo. Mtungi wa gesi unadai fedha yote kwa mkupuo. Mkakati wa Taifa wa Tanzania, uliozinduliwa mwaka 2024, unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Lengo hilo litafikiwa tu ikiwa gesi na umeme vitauzwa kwa namna anayenunua mkaa wa leo kwa leo anavyoweza kumudu.

Mkaa wenyewe unadanganya. Ukishakolea hauonekani kutoa moshi, na watu huuamini. Ndipo unapotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayojishika na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa huanza kuuma, kizunguzungu hufuata, kisha usingizi mzito. Kwenye nyanda za juu zenye baridi, familia huota moto chumbani, hufunga mlango na kulala, wengine hawaamki.

Wakati gesi haijafika, kuna yaliyo ndani ya uwezo: kuanika kuni hadi zikauke, kuloweka maharage usiku ili yaive upesi, kupikia nje, kumweka mtoto mbali na mafiga. Na jiko la mkaa lisilale ndani na watu, hata likibaki na makaa mawili tu chini ya majivu.